Rekodi huharibika mwanzoni: Priampu na kazi ya kuhifadhi sauti za Upare

Na Mwandishi Wetu, Same

KABLA kwaya ya milimani haijaingia studio, hutangulia michango. Wanakwaya wa Mbaga, Suji, Gonja au Chome huchangishana nauli ya kushuka Same na kuendelea Moshi, Arusha au Dar es Salaam, huchangia chakula na malipo ya fundi, na mara nyingi fedha zinazopatikana hutosha kurekodi kwa siku moja tu.

Kwa wazee wanaosimulia historia kwa lugha ya Chasu, hata hiyo siku moja haina uhakika. Mzee mwenye umri wa miaka 90 anaweza kuwa na nguvu za kuzungumza leo na kesho asiwe nazo. Rekodi yake ikiharibika, hakuna wa kumwita arudie.

Pamoja na hayo, rekodi nyingi huharibika katika dakika chache za mwanzo, kabla ya wimbo wa kwanza au swali la kwanza. Huharibika kwenye kifaa ambacho wengi hawakijui kwa jina, ingawa hukigusa kila wanaporekodi. Kifaa hicho ni priampu, yaani kikuzaji cha awali cha sauti.

Makala haya yanaeleza kazi ya kifaa hicho, swichi zake, na namna ya kuzitumia katika mazingira ya Same na milima ya Upare.

Priampu ni nini

Kipaza sauti hubadilisha mtikisiko wa hewa kuwa umeme, lakini umeme huo ni mdogo mno. Kwa mfano, kipaza sauti aina ya Shure SM58, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 1966 na ambacho huonekana katika nyumba nyingi za ibada na kumbi za Afrika Mashariki, hutoa takriban milivolti 2 pale sauti inayokifikia inapokuwa na nguvu ya desibeli 94, sawa na mtu anayepaza sauti akiwa karibu nacho.

Vyombo vinavyofuata, kama vile kinasa sauti cha studio, huhitaji takriban volti 1.2. Hivyo, umeme unaotoka kwenye kipaza sauti hauna budi kuongezwa zaidi ya mara 600 kabla haujatumika. Kazi hiyo ndiyo hufanywa na priampu.

Priampu inaweza kuwa boksi linalojitegemea, lakini kwa walio wengi imo ndani ya mikisa, ndani ya kifaa kinachounganisha kipaza sauti na kompyuta, au ndani ya kinasa sauti cha mkononi. Swichi ya kwanza kabisa juu ya kila mstari wa mikisa, ile iliyo karibu na tundu la waya wa kipaza sauti, ndiyo swichi ya priampu.

Wenyeji wa Upare wanaweza kuuelewa umuhimu wake kwa kuifikiria ndiva, bwawa dogo la asili ambalo hukusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani kwa mifereji. Tope likiingia kwenye ndiva, kila shamba la chini litapata maji ya tope, na mwenye shamba la mwisho hana namna ya kuyasafisha. Vivyo hivyo, kelele au mkwaruzo ukiingia kwenye priampu, vyombo vyote vinavyofuata huupokea na kuupitisha.

Sauti zisizoweza kurudiwa

Uzito wa jambo hili katika wilaya za Same na Mwanga unatokana na historia. Profesa Isaria Kimambo alipoandika kitabu chake kuhusu historia ya siasa ya Wapare, kilichochapishwa mwaka 1969, alitegemea kwa kiasi kikubwa masimulizi ya wazee, kwa kuwa mengi ya kale hayakuwa yameandikwa popote.

Mwaka 1971, Profesa Kimambo alichapisha pia kijitabu kuhusu mbiru, kodi ya kikoloni iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliokuwa wakiipinga kodi hiyo walikusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakidai iondolewe.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati huo alitimiza miaka 100 mwaka 2025. Kwa maana hiyo, walioshuhudia kwa macho yao karibu wote wamekwisha kuondoka, na waliobaki ni watoto wao waliosikia kisa hicho nyumbani. Nao sasa ni wazee.

Upande wa nyimbo, Upare una mizizi mirefu ya uimbaji wa kwaya. Wamisionari wa Kisabato walifika milimani mwaka 1903, Walutheri wana Dayosisi ya Pare yenye makao yake Same, na Wakatoliki wana Jimbo la Same. Waislamu nao wana kaswida na maulidi, na ngoma za asili zingali zinachezwa katika sherehe.

Kanda ya kaskazini si ngeni katika kazi ya kurekodi. Studio ya Sauti ya Injili mjini Moshi ilikuwa ikiandaa vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa kutoka Addis Ababa, Ethiopia, na kituo cha Radio Voice of the Gospel kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1963 hadi kilipotaifishwa mwaka 1977. Tofauti ni kuwa enzi hizo kazi ilikuwa mikononi mwa mafundi waliofunzwa, ilhali leo kinasa sauti huwa mikononi mwa mwalimu wa kwaya, mwanafunzi au mjukuu.

Geini: swichi ya kwanza

Swichi kuu ya priampu huitwa geini, nayo huamua umeme wa kipaza sauti uongezwe mara ngapi. Hupimwa kwa desibeli. Nyongeza ya desibeli 6 ni kuongeza umeme mara mbili, desibeli 20 ni mara 10, na desibeli 60 ni mara 1,000.

Wengi huichanganya geini na swichi ya sauti ya spika. Swichi ya spika huamua msikilizaji asikie kwa ukubwa gani, na inaweza kubadilishwa wakati wowote bila madhara. Geini huamua kile kinachoandikwa kwenye rekodi, na kikishaandikwa hakibadiliki.

Geini ikiwa chini mno, sauti hurekodiwa kwa udhaifu. Inapokuzwa baadaye, mvumo wa vyombo vyenyewe hukuzwa pamoja nayo, na msikilizaji husikia kama mvua ya mbali nyuma ya maneno.

Geini ikiwa juu mno, wimbi la sauti hugonga dari ya chombo na kilele chake hukatwa. Hapo ndipo sauti husikika ikipasuka au kukwaruza. Katika vyombo vya kidijitali dari hiyo ni sifuri kwenye kipimo, na kilichokatwa hapo hakiwezi kurudishwa kikamilifu na programu yoyote.

Mafundi wa zama za kanda za sumaku walizoea kurekodi kwa nguvu ili sauti ifunike mvumo wa kanda. Mazoea hayo yamerithiwa na wengi wanaotumia kompyuta, lakini leo hayana faida. Vinasa sauti vya biti 24 vina nafasi kubwa kati ya sauti ndogo na kubwa, hivyo hakuna haja ya kuukaribia mstari mwekundu.

Kanuni inayotumika sana ni kuacha vilele vya sauti vifike kati ya desibeli 12 na 10 chini ya sifuri, na wastani ubaki karibu desibeli 18 chini yake. Nafasi inayobaki ni akiba ya yale yasiyotarajiwa.

Na yasiyotarajiwa hutokea. Kwaya inapojaribu vyombo huimba kwa kujizuia, lakini inapofika kwenye kibwagizo cha mwisho huimba kwa nguvu zote. Kwa sababu hiyo, geini ipangwe wakati kwaya inaimba sehemu yenye nguvu kuliko zote, kisha ipunguzwe kidogo na iachwe hapo hapo mpaka wimbo uishe.

Kwa mzee anayesimulia, hali ni kinyume. Huanza kwa sauti kubwa, kisha hushusha sauti anapofikia jambo zito. Hapo fundi asikimbilie kuongeza geini. Njia bora ni kukisogeza kipaza sauti karibu naye tangu mwanzo, kwani mahali pa wazi, umbali ukipungua kwa nusu, sauti inayokifikia huongezeka kwa takriban desibeli 6 bila kuongeza mvumo wowote.

Padi: kinga ya sauti kubwa

Ngoma, tarumbeta na kwaya ya watu 40 iliyosimama karibu zinaweza kutoa umeme mwingi kiasi kwamba hata geini ikiwa chini kabisa, taa nyekundu huwaka. Hapo hutumika kitufe kinachoitwa padi, ambacho hupunguza umeme unaoingia kwenye priampu, kwa kawaida kwa desibeli 10 au 20. Padi ya desibeli 20 huuacha umeme ukiwa sehemu moja tu ya kumi.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Baadhi ya vipaza sauti vina padi yao vyenyewe. Ikiwa kilichozidiwa ni kipaza sauti, padi ya priampu haitasaidia, kwa sababu mkwaruzo umekwisha kuzaliwa kabla ya kufika kwenye waya. Dawa ni kubonyeza padi iliyo kwenye kipaza sauti au kukisogeza mbali.

Aidha, padi isisahauliwe baada ya ngoma kwisha. Mzee akirekodiwa na padi ya ngoma, fundi atalazimika kupandisha geini mno na mvumo utasikika.

Umeme wa volti 48

Vipaza sauti vya kondensa, ambavyo hunasa sauti laini na kwa undani zaidi, huhitaji umeme ili vifanye kazi. Umeme huo hupelekwa na priampu kupitia waya ule ule unaoleta sauti, na huitwa fantomu. Kwenye vifaa huandikwa 48V.

Kiwango hicho kina historia yake. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilitengeneza vipaza sauti kwa ajili ya shirika la utangazaji la Norway, NRK. Studio za huko zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, na umeme huo ndio uliotumika. Baadaye kiwango hicho kikaenea duniani.

Vipaza sauti vya dainamiki, kama vile SM58, havihitaji fantomu, na kwa kawaida havidhuriki ikiwashwa kwa bahati mbaya iwapo waya ni mzima. Hata hivyo, spika zizimwe au zipunguzwe kabla ya kuwasha au kuzima fantomu, kwani mshtuko wake unaweza kuharibu spika na masikio.

Kwa wanaorekodi vijijini kwa betri, fantomu huongeza matumizi ya umeme. Kipaza sauti cha dainamiki kilichowekwa karibu na msemaji kinaweza kuokoa saa nzima ya mazungumzo ambayo vinginevyo ingekatishwa na betri kwisha.

Kichujio cha sauti nzito

Mji wa Same uko tambarare, chini ya milima, katika eneo kavu lenye upepo, na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha inapita mjini humo. Malori na mabasi hutoa ngurumo ambayo sikio la mkazi limeizoea kiasi cha kutoisikia, lakini kipaza sauti huisikia yote.

Kwa ajili hiyo priampu nyingi zina kichujio kinachopunguza sauti nzito. Kitufe chake huwa na alama ya mstari unaopinda kuelekea chini upande wa kushoto, na mara nyingi huandikwa 75, 80 au 100, yaani idadi ya hezi ambapo upunguzaji huanza.

Sauti ya besi ya kwaya hushuka hadi karibu hezi 80, na sauti za wanawake huanzia juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo kichujio cha hezi 75 au 80 huondoa sehemu kubwa ya ngurumo ya lori, mtikisiko wa sakafu na sehemu ya mvumo wa upepo bila kuwagusa waimbaji. Kwa msemaji mmoja, kichujio cha hezi 100 kwa kawaida hakina madhara.

Kwa ngoma kubwa, kichujio kizimwe, vinginevyo mlio wake utasikika kama debe. Kichujio pia hakiwezi kila kitu. Umeme wa Tanzania una mzunguko wa hezi 50, na mvumo wake huambatana na sauti za hezi 100 na 150. Kichujio hupunguza ile ya hezi 50, lakini hizo nyingine hubaki. Tiba yake ni waya mzima, kuunganisha vyombo vyote kwenye soketi moja, na kuutenga waya wa kipaza sauti na nyaya za umeme.

Upepo mkali nao hautibiwi kwa kitufe. Utando wa kipaza sauti unaposukumwa na upepo, priampu hupokea mshindo uliokwisha kuharibika. Kifuniko cha sifongo au cha manyoya, au kuhamia nyuma ya nyumba, hufanya kazi kuliko swichi yoyote.

Kugeuza wimbi

Kitufe kingine kina alama ya duara lililokatwa na mstari. Kazi yake ni kugeuza wimbi la sauti, juu kuwa chini na chini kuwa juu. Kwa kipaza sauti kimoja, msikilizaji hasikii tofauti. Kazi yake huonekana vipaza sauti vinapokuwa viwili.

Ngoma ikirekodiwa kwa kipaza sauti kimoja juu na kingine chini, ngozi inapopigwa hukimbia kile cha juu na kukisogelea kile cha chini. Mawimbi mawili huwa kinyume, na yakichanganywa hufutana. Ngoma hupoteza uzito wake ingawa kila kipaza sauti peke yake kinafanya kazi vizuri.

Jaribio lake ni rahisi. Vipaza sauti vyote viwili visikilizwe pamoja kupitia spika moja, kisha kitufe kibonyezwe kwenye kimoja. Hali inayotoa sauti nene zaidi ndiyo sahihi. Kwa kwaya yenye vipaza sauti kadhaa, husaidia pia umbali kati ya kipaza sauti na kingine kuwa angalau mara tatu ya umbali wa kila kimoja na waimbaji wake.

Ladha ya sauti

Baadhi ya priampu hutumika makusudi kubadili rangi ya sauti. Zile zenye transfoma au vali, geini inapopandishwa na swichi ya kutoa inaposhushwa, huongeza unene ambao masikio mengi huupenda. Priampu ya Neve 1073, iliyobuniwa nchini Uingereza mwaka 1970, ilipata sifa kwa sababu hiyo na bado inaigwa.

Mfano wa kupindukia ni wa mwaka 1968, pale The Beatles walipounganisha magitaa moja kwa moja kwenye meza ya studio ya EMI mjini London na kuzilemea priampu zake hadi zikakwaruza. Mkwaruzo huo ndio unaosikika katika wimbo wao Revolution.

Hata hivyo, hilo lilikuwa chaguo la watu waliojua wanachokitafuta, na waliokuwa na muda wa kurudia. Priampu za bei nafuu zilizomo kwenye mikisa ndogo hazinenepeshi sauti zinapolemewa, huipasua tu. Aidha, ladha inaweza kuongezwa baadaye kwa kompyuta, lakini haiwezi kuondolewa.

Kwa masimulizi ya wazee na nyimbo za kumbukumbu, inafaa sauti irekodiwe ikiwa safi. Kwaya inayotaka kutoa albamu inaweza kuongeza ladha wakati wa kuchanganya, huku nakala ya awali ikitunzwa kama ilivyo.

Mpangilio wa kazi

Utaratibu unaopunguza makosa huanza na mahali. Kanisa lenye bati na kuta tupu hurudisha mwangwi, na mvua za milimani zikianza kunyesha juu ya bati hakuna swichi itakayookoa rekodi. Chumba chenye mapazia, mikeka na watu ni bora, na saa za asubuhi na mapema mara nyingi huwa na utulivu.

Baada ya hapo kipaza sauti kisogezwe karibu kiasi kinachofaa, fantomu iwashwe kama inahitajika, kichujio na padi viamuliwe, na geini ndiyo iwe ya mwisho. Atakayeanza na geini atalazimika kuipanga upya kila anapogusa kitu kingine.

Kisha irekodiwe dakika moja ya majaribio, isikilizwe kwa spika za masikioni na si kwa macho ya kuangalia taa pekee. Irekodiwe pia nusu dakika ya ukimya wa chumba. Ukimya huo huonyesha ngurumo, mvumo na kelele ambazo maneno yangezificha.

Tangu mwaka 2019 vimekuwapo sokoni vinasa sauti vya mkononi vya biti 32 vinavyoweza kurekodi bila kupanga geini, na sauti iliyozidi hurekebishwa baadaye. Vifaa hivyo hupunguza kosa moja kubwa. Havizuii upepo, havizuii kipaza sauti chenyewe kulemewa, wala havimsogezi mzee karibu.

Kwa kwaya au familia isiyoweza kununua chombo kipya, kifaa chochote chenye priampu inayofanya kazi kinatosha, mradi anayekishika awe amejifunza swichi zake kabla ya siku yenyewe. Mazoezi hayo yanaweza kufanyika nyumbani kwa kurekodi hadithi ya mtoto au wimbo wa jikoni, mahali ambapo kosa halina gharama.

Rekodi ikikamilika, inakiliwe sehemu mbili tofauti siku hiyo hiyo, na kila nakala iandikwe jina la msimulizi au kwaya, kijiji, tarehe na lugha iliyotumika. Bila maelezo hayo, hata sauti iliyorekodiwa vizuri, baada ya miaka 30 hakuna atakayejua ni ya nani.